Vidole Viwili Dirishani

Mume wangu alininyima ufunguo wa gari la baba yangu mbele za watu, tena huku akicheka, na bado tulikuwa na mlima mzima wa kuteremka pamoja.

Tulikuwa kileleni Halloran, kwenye milima ya Colorado, mahali ambapo kila anayefika na gari lake lazima ashuke, apige picha na kile kibao cha mbao, apigwe na upepo mpaka machozi yamtoke, halafu ajifanye hana kizunguzungu. Ilikuwa Septemba, ile wiki ambayo miti ya aspeni inageuka manjano bonde zima. Wiki hiyo Wendell na mimi hatukai nyumbani. Kila mwaka tangu tuoane tunatoka Montrose asubuhi, tunapunguza upepo wa matairi pale lami inapoishia, na tunavuka milima kwa njia za wachimba fedha wa zamani mpaka Silverton, ambako tunakula steki na kulala. Watu wanatujua kwa hilo. Wanatuita maharusi wa mawe.

Mwaka huu kulikuwa na ahadi. Mwezi wa nane nilitimiza miaka sitini, Wendell akaniuliza nataka zawadi gani, nikamwambia sitaki mkufu wala keki. Nataka kuendesha mwenyewe kutoka kileleni mpaka Silverton, mimi kwenye usukani na yeye kando. Akasema sawa. Alisema mezani, mbele ya dada yangu, mdomo umejaa pai ya cheri, kwa hiyo hakuna wa kuniambia niliota.

Na gari lenyewe ni langu. Baba, mzee Orrin Teague, alikuwa fundi wa mitambo mgodini, na alinifundisha kuendesha kwenye njia hii hii nikiwa msichana ambaye mguu haujafika vizuri kwenye klachi. Alipokufa aliniachia mimi. Ni gari la kijani, bati tupu, halina redio, na milango yake haifungi mpaka uibamize. Nalijua kwa sauti. Lakini muulize mtu yeyote Montrose lile gari la kijani ni la nani, atakwambia ni la Wendell Pruett, maana hajawahi kumwona mwingine akiliendesha.

Sababu yake ni hadithi ya mchungaji. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu tulipiga kambi na watu wa kanisa, nikarudi rivasi nikagonga choo cha mbao, na mchungaji alikuwamo ndani. Hakuumia. Alitoka ameshika suruali kwa mkono mmoja na gazeti kwa mwingine, basi. Wendell ameisimulia hadithi hiyo kwenye kila mlo wa pamoja, kila harusi, na mazishi mawili. Kila mwaka inaongezewa chumvi: choo kinaruka mbali zaidi, mchungaji anapiga mayowe zaidi. Watu wakishacheka ananishika bega na kusema, “Ndiyo maana mimi naendesha, yeye anaangalia mandhari.” Mwanzoni nilicheka nao. Baadaye nikawa natabasamu tu, na mwisho nikaona afadhali nikae kando kuliko kuwapa watu cha kusimulia kingine.

Basi pale kileleni nilinyoosha mkono. “Haya, lete ufunguo.”

Palikuwa na watu wengine wameegesha, baadhi yao tunafahamiana. Wendell akautia ufunguo mfukoni mwa shati na kufunga kifungo cha mfuko.

“Leo njia mbaya, mpenzi. Mvua imekula kingo.”

“Mvua hiyo ilinyesha kabla hujaahidi.”

“Tutafanya mwakani.”

“Wendell, usinifanye mtoto. Lete ufunguo.”

Nikaliona lile tabasamu linakuja. Aliwageukia wale watu akasema, “Jamani, mmeona choo chochote huko njiani? Bibie anataka usukani.”

Wanaoijua hadithi wakacheka. Mwanamke mmoja asiyeijua akauliza choo gani, na Wendell akaegemea boneti, starehe kabisa, akaanza, “Basi bwana, kulikuwa na mchungaji.” Niliingia garini upande wangu nikaubamiza mlango mpaka vioo vikatikisika. Kutoka ndani nilimwona akipanua mikono kuonyesha jinsi choo kilivyoruka. Nilimchukia, nasema kweli, dakika ile nilimchukia mume wangu na kofia yake na meno yake.

Tena asubuhi hiyo alikuwa ameshanikasirisha vya kutosha. Alimimina kahawa nje ya kikombe, ikaniunguza goti, akasema gari limeyumba, wakati gari lilikuwa limezimwa. Kisha alikwaruza mwamba upande wangu mpaka kioo cha pembeni kikang'oka, akanigeuzia kibao. “Si ungesema?” Nilikuwa nimesema, tena kwa sauti. Wendell hakuwa dereva wa kukwaruza miamba, lakini mtu akishakuudhi hukai ukajiuliza kwa nini mkono wake umekuwa mzito. Unahesabu makosa tu.

Njia ya kuteremka imechongwa ubavuni mwa mlima, upana wa gari moja na wasiwasi kidogo. Kulia ni mwamba. Kushoto, upande wa dereva, ni hewa tupu, na chini kabisa ya hewa hiyo kuna kijito kama uzi wa kushonea. Wendell aliteremka akipiga mluzi, kiwiko nje ya dirisha, bila hata kulitupia jicho lile shimo. Hivyo ndivyo anavyosifiwa. Dada yangu husema shemeji yake ana roho ya chuma.

Huku kwetu anayepanda ndiye mwenye njia. Anayeteremka hujibana kwenye upana ulio karibu, pale njia inapotanuka kidogo, na kumpisha, naye anayepanda, akipita dirishani kwako, huinua vidole kukuambia ni magari mangapi yanamfuata. Wa mwisho hukunja ngumi, maana yake nyuma yangu hakuna mtu. Ni adabu tu, haikuandikwa popote, lakini mtu akiikosea kwenye njia kama ile watu wawili wanaweza kufa. Wendell ndiye anayewafundisha wageni wa chama chetu cha madereva wa milimani. Ana hotuba yake kabisa juu ya vidole.

Kwenye upana wa kwanza tukakuta gari jekundu linapanda. Wendell akajibana mwambani, likatupita taratibu upande wake wa kushoto. Dereva alikuwa mwanamke wa nywele nyekundu. Alitabasamu, akainua vidole viwili, karibu kabisa na dirisha letu. Mimi nilikuwa nimenuna, natazama upande huo ili nisimtazame Wendell, na niliviona wazi. Nyuma yake likaja gari la bluu, nalo likapita, dereva ameng'ang'ania usukani kwa mikono miwili, bila kidole wala ngumi. Wendell akaachia breki.

Nilikuwa nimeapa kutosema naye mpaka Silverton, lakini nikasema. “Bado mmoja.”

“Ameonyesha mmoja, na mmoja amepita.”

“Ameonyesha wawili.”

“Darla, mimi ndiye niliyekuwa dirishani.”

“Na mimi nina macho. Vidole viwili, Wendell. Ngoja.”

“Umekasirika, kwa hiyo leo kila nitakachosema ni kosa.” Akatia gia. “Wewe angalia mandhari.”

Tukaondoka. Tulizunguka kona, tukazunguka nyingine ndogo, na pale njia inapobana kuliko pote, boneti ya pikapu nyeupe ikatokea mbele yetu ikipanda. Wote tukafunga breki. Ilikuwa na namba za Texas.

Wendell akapumua kwa kuridhika. “Texas,” akasema. “Nilijua tu.”

Huku Colorado kila kitu ni kosa la Mtexas. Theluji ikichelewa, nyumba zikipanda bei, mtu akikwama mtoni, aulizwe Mtexas. Huyu alishuka taratibu, jibaba la haja, kofia mkononi, mkanda una bamba kubwa la fedha kiunoni, akaja mpaka mbele ya boneti yetu upande wa mwamba. Kwenye kiti chake cha abiria alibaki bibi mmoja mkongwe wa miwani minene, kichwa nje ya dirisha.

“Habari za mchana, mzee,” akasema yule mwanamume. “Naitwa Boyd. Samahani sana, lakini nadhani mimi ndiye ninayepanda.”

“Kijana, mimi nimeendesha njia hii kabla hujazaliwa,” akasema Wendell. “Rudi nyuma.”

“Ningerudi, mzee. Lakini nyuma yangu hapana upana mpaka chini kule mgodini. Nyuma yako upo, ni kona hizo tu.”

“Gari jekundu la mbele yenu lilionyesha mmoja nyuma. Mmoja amepita. Wewe umetokea wapi?”

“Yule ni dada yangu. Tuko magari matatu tangu asubuhi, hawezi kukosea.”

“Basi amekosea. Ninyi mnakuja huku mmejifunza milima kwenye maegesho ya duka, halafu mnataka kutufundisha sisi.”

Bibi akapaza sauti kutoka kwenye pikapu. “Boyd, muulize kama anajua kusoma. Pale chini pana kibao kikubwa, anayepanda apishwe. Mimi nimekisoma, na nina miaka themanini.”

“Mama, tafadhali.”

“Tafadhali nini? Mwambie arudi, nina haja ndogo.”

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Tulikuwa tumekosea, na Wendell alikuwa anajua tumekosea, maana hakuna kanuni anayoihubiri kuliko hiyo. “Alionyesha vidole viwili,” nikasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote. “Niliviona. Rudi nyuma, Wendell, tuwapishe watu.”

Hakunigeukia. “Darla, kaa kimya. Angalia mandhari.”

Nikashuka. Mlango wangu ulifunguka kidogo tu kwa sababu ya mwamba, nikajipenyeza hivyo hivyo, vifungo vya koti vikikwaruza bati. Nilikuwa nimekusudia kuzunguka mbele, niende dirishani kwake, nizime injini na kuuchomoa ule ufunguo, na aone aibu yeye pia. Nilimpita Boyd, nikashika bampa, nikapita kwenye kona ya boneti mpaka upande wa shimo. Pale kati ya gari na hewa palikuwa na nafasi ya mtu mmoja mwembamba, na mimi si mwembamba. Nilijongea nikiwa nimeushika mlango kwa mikono miwili.

“Darla, unakwenda wapi?” akasema Wendell.

Nilikuwa nimeshafika. Nilikuwa nimesimama dirishani kwake, karibu kiasi cha kumbusu.

“Darla?” Alikuwa anatazama mbele, kwa Boyd. Akanyoosha shingo kutafuta kulia. “Amekwenda wapi huyu? Jamani, kuna shimo huko. Darla!”

Niliinua mkono, nikasimamisha vidole viwili kando ya uso wake, pale pale dereva wa gari jekundu alipovisimamisha. Ningeweza kumgusa kope. Wendell akaendelea kumtazama Boyd, na Boyd akaacha kumtazama Wendell, akatazama vidole vyangu. Uso wake ukabadilika.

“Ngapi, Wendell?” nikauliza.

Alishtuka mpaka kofia ikagonga paa. Akanigeuzia kichwa chote, ndipo akaniona.

“Jicho la kushoto,” nikasema.

“Si hapa, Darla.”

“Hapa hapa. Tangu lini?”

Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani. “Mei,” akasema. “Mshipa uliziba. Niliamka asubuhi upande mmoja umekuwa giza. Daktari wa Grand Junction alisema halitarudi.”

“Ulisema umekwenda Grand Junction kufuata pampu ya kisima.”

“Pampu nayo nilinunua.”

Ningecheka siku nyingine. “Na Julai ulimpandisha Josie huku,” nikasema. Josie ni mjukuu wetu, ana miaka saba. “Alikaa nyuma yako. Upande huu huu. Alikuwa anaimba.”

Niliangalia chini kati ya viatu vyangu, na gurudumu la mbele lilikuwa linakanyaga ukingo wenyewe, changarawe zimemeguka nusu ya tairi. Hakuwa na roho ya chuma. Alikuwa haoni shimo. Wiki ile ya Julai, na leo asubuhi, na kila nilipomsifu moyoni kwa utulivu wake, alikuwa ametubeba gizani akipiga mluzi. Na kile kichekesho cha kileleni, mikono imepanuliwa, watu wanacheka, kilikuwa cha kunifunga mdomo ili nisiushike ufunguo. Alinifanya mjinga ili yeye asionekane kipofu.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ungeninyang'anya usukani.”

“Usukani ni wangu, Wendell. Gari ni langu.”

“Ningekaa kwenye kiti kile nifanye nini?” Sauti ilimpasuka. “Niambie. Siku nzima, kila mwaka, mikono mapajani, ninatazama tu nje. Nifanye nini pale?”

“Ufanye nilichofanya mimi.”

Boyd alikuwa anachunguza kofia yake kama ameiazima. Wendell alifumba macho yote mawili. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kukifikiria kile kiti kuwa ni mahali ambapo mtu alikuwa amekaa.

“Vuta breki ya mkono,” nikasema. “Usishukie upande huu, huuoni. Pitia kwangu.”

“Darla, ni rivasi. Kona mbili, na kioo cha kulia hatuna.”

“Kioo nani alikivunja?”

Akasogea. Alitambaa juu ya gia akatokea upande wa mwamba, na mimi nikaingia pale alipotoka. Kiti kilikuwa na joto lake, nikakivuta mbele kwa hasira mpaka kikalia. Niliweka mguu kwenye klachi. Sikuwa nimerudi rivasi mlimani tangu siku ya mchungaji.

“Mama,” akasema Boyd kwangu, kwa heshima, “ukiniruhusu nitakuongoza kutoka nyuma. Nimewahi kuendesha malori.”

“Niongoze. Lakini ni wewe peke yako.”

Baba alinifundisha hivyo: mwongozaji ni mmoja, wengine wote ni mainzi. Boyd akapita kwa kujibana na mwamba, akasimama nyuma yetu ambapo ningemwona nikigeuza shingo. Wendell alibaki mbele, kati ya magari mawili. Nikatia rivasi, nikaachia klachi kidogo kidogo, na gari la baba likaanza kupanda kinyumenyume, likinguruma kama lilivyonguruma zamani. Kwenye kioo cha kushoto hapakuwa na kitu ila anga. Niliacha kukitazama. Nilitazama mikono ya Boyd tu, minene, imetulia, njoo, njoo, kulia kidogo, njoo.

Kwenye kona ya kwanza Boyd akainua kiganja nisimame, na papo hapo kwa pembe ya jicho nikaona mikono mingine inanipungia kwa mbele. Alikuwa Wendell. Alikuwa ananiashiria nikate kushoto.

Nikafunga breki. Jiwe likachomoka chini ya tairi la nyuma, likaanguka, na hatukusikia likitua.

“Wewe baba!” Bibi alikuwa amejitokeza mpaka kifuani dirishani. “Mikono mfukoni. Ndiyo, wewe. Hujatosheka kwa leo?”

Wendell akaitia mikono mfukoni. Boyd akaniashiria kulia, nikakata kulia, tukaizunguka kona. Nilipotazama mbele tena mume wangu alikuwa mdogo kule chini barabarani, amesimama kando ya mwamba na mikono yake mfukoni, na sikumwonea huruma. Nilitaka kumwonea. Lakini nilikuwa nasikia ile sauti ya “njoo, njoo” ya siku ya mchungaji, maana na siku ile alikuwapo mwongozaji. Alikuwa Wendell, amesimama nyuma ya gari, ananiita kwa mkono mmoja huku akiongea na wasichana wa kwaya. Sehemu hiyo haimo kwenye hadithi yake. Na mimi, kwa ujinga wa bibi harusi, niliificha ili asiaibike.

Kona ya pili niliichukua bila kusimama. Nilipojibana kwenye upana na kuvuta breki, mgongo wote ulikuwa umeloa, na Boyd alipiga paa la gari mara moja kwa kiganja kama mtu anayempongeza farasi.

“Aliyekufundisha alijua kazi yake,” akasema.

“Alijua.”

Alirudi chini kwa miguu akapanda na pikapu yake. Alipotupita alikunja ngumi dirishani, taratibu, ili nione vizuri: hakuna mtu nyuma. Mama yake akamwambia asimame kidogo.

“Binti,” akaniambia, “ukiolewa tena, mpime macho kwanza.”

“Nitakumbuka, mama.”

Wendell alifika baadaye akihema, maana kule juu hewa ni nyembamba. Kwa mazoea alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa dereva, akaushika, akanikuta. Kisha akazunguka, akaingia upande wa abiria, akapapasa mkanda ulipo, kwa sababu hajawahi kuufunga kutoka upande ule. Sikumsaidia.

Tuliteremka mpaka miti ilipoanza. Manjano ilikuwa imepamba moto, majani yanaanguka mpaka ndani ya gari.

“Ulirudi vizuri,” akasema mwishowe.

“Nilirudi vizuri na siku ile. Wewe ndiye uliyesema njoo.”

Alijua ni siku gani. “Ndiyo,” akasema. “Ni mimi.”

“Umesubiri nini kusema?”

“Watu walikuwa wanacheka.”

Nilikaza mikono kwenye usukani ili nisimpige. “Jumamosi kuna mlo wa chama,” nikasema. “Utasimama pale unaposimama siku zote. Utawaambia nani alisema njoo, halafu utawaambia juu ya jicho, kwa mdomo wako mwenyewe. Na leo hii utampigia simu mama yake Josie, umwambie.”

“Atanichukia.”

“Achukie. Ana haki.”

Kwenye upana wa mwisho kabla ya mto tulikuta gari linapanda. Nikajibana kulia, nikasimama. Lilitupita upande wangu, dereva kijana mwenye ndevu, akainua vidole dirishani. Niliviona.

“Wangapi?” nikamuuliza Wendell.

Kutoka kwenye kile kiti, na jicho moja la kulia, haikutosha kutupia macho tu. Ilibidi ageuze kiwiliwili chote, anielekezee uso mzima, atazame mbele yangu mpaka dirishani. Hajawahi kunigeukia hivyo ndani ya gari lile.

“Watatu,” akasema.

“Watatu.”

Tukasubiri. Wa kwanza akapita, wa pili akapita, na Wendell akiwahesabu kwa sauti ndogo. Ilikuwepo nafasi ya kuondoka, na njia mbele ilionekana tupu. Alinitazama kuona kama nitatia gia. Sikutia. Nilikuwa na hasira, na ninazo mpaka leo, na ufunguo unakaa mfukoni mwangu. Wa tatu alipotokea kwenye kona, alitupita amekunja ngumi, nami nikamwinulia yangu, kisha nikatupeleka Silverton.